Morris ya Marehemu Mzee: Breki Kwanza, Injini Baadaye

Katika kipindi cha Jumamosi iliyopita niliwaahidi wasikilizaji kwamba ningezungumzia bei ya korosho. Korosho itabidi zisubiri, kwa maana nimepata barua ambayo haiwezi kusubiri.

Barua imetoka kwa msikilizaji wetu wa Korogwe, mwalimu mstaafu, ambaye ameomba nisimtaje jina. Marehemu baba yake aliacha gari dogo aina ya Morris Minor, la kijivu, milango minne, na tangu mzee alipofariki gari hilo limekaa chini ya mwembe. Nduguze wawili wanataka liuzwe kwa watu wa vyuma chakavu, ambao wamekwisha kuja kulizunguka na kuligonga gonga kwa vidole. Yeye hataki. Anataka kulifufua, na si kulifufua la kutazamwa tu, bali anataka limbebe mama yake, bibi wa miaka themanini na ushei, kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam na kumrudisha. Fundi amekwisha kupatikana, na fundi amemwambia hivi: "Mwalimu, ugonjwa wa gari hili ni injini tu. Tulitie ya Corolla, litaruka." Mwalimu anauliza, je, fundi amesema kweli?

Mwalimu wangu, fundi wako amesema kweli mahali pamoja tu: litaruka. Mashaka yangu ni namna litakavyotua.

Kwanza tulijue gari lenyewe, kwa ajili ya vijana ambao huenda hawajawahi kuliona likitembea. Morris Minor ilitolewa hadharani Uingereza mwaka 1948, katika maonyesho ya magari ya Earls Court, London. Aliyelibuni ni mhandisi Alec Issigonis, mzaliwa wa Izmir, huyo huyo ambaye baadaye alibuni Mini. Inasimuliwa kwamba mwenye kampuni, Lord Nuffield, alipoonyeshwa gari hilo hakulipenda hata kidogo, akasema linafanana na yai lililochemshwa bila ganda. Naye Issigonis mwenyewe dakika za mwisho aliliona jembamba mno. Akaagiza gari la mfano likatwe katikati kwa urefu, nusu mbili zikasogezwa mpaka zikampendeza, pakaongezwa inchi nne, kama sentimita kumi. Ndiyo maana boneti ya Morris ina mshipi bapa katikati, nayo mabamba ya mwanzo yalikatwa na kuungwa kipande. Lile yai halikuvunjika. Lilikuwa gari la kwanza la Uingereza kufikisha idadi ya milioni moja, na hadi uzalishaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya sabini yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni moja na laki sita. Hapa kwetu yalikuja kwa meli, yakaendeshwa na mabwana shamba, waganga wasaidizi, wakaguzi wa shule na mapadri.

Mjomba wangu naye alikuwa nalo. Na hapa ndipo ninapoacha kuwa mtangazaji nikawa shahidi.

Mwaka 1991, nikiwa mtoto wa darasa la tano, tulitoka Tanga kwenda Dar es Salaam, mjomba, shangazi, mimi na magunia mawili ya machungwa. Wiki moja kabla ya safari, mjomba alikuwa amelipeleka gari kwa fundi mmoja mjini, simtaji. Fundi aliona mafuta ya breki yamepungua, akaongezea mafuta mengine aliyokuwa nayo kwenye kopo, si ya breki. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeona tofauti. Wenye kuijua barabara ile wanakumbuka mteremko wa Wami, zama za lile daraja jembamba la zamani, unavyoshuka kwa kasi na chini kule kuna nafasi ya gari moja tu. Tulipoanza kushuka nilisikia harufu kama ya mpira unaoungua. Kisha nikamwona mjomba akikanyaga breki mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na mguu ukienda mpaka chini kama anayekanyaga maji. Hakupiga kelele. Alirudisha gia ya pili, injini ikalia kama ng'ombe, akavuta breki ya mkono, akalisogeza gari kando kando mpaka ubavu ukawa unasugua ukingo wa udongo. Tulisimama machungwa yakiwa yametapakaa barabarani. Shangazi alishuka, akakaa chini, na hakupanda gari lile tena maisha yake yote.

Nilipokua na kujifunza mambo haya nilielewa kilichotokea, na nitakieleza kwa sababu ndicho kiini cha jibu langu. Ndani ya mfumo wa breki mna vipira. Vipira hivyo vimetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki tu. Ukitia mafuta ya injini au ya aina nyingine ya petroli, vinavimba. Kipira cha masta silinda kikivimba, kinaziba tundu dogo ambalo kazi yake ni kurudisha mafuta unapoinua mguu. Mafuta hayarudi, breki zinabaki zimeshika kidogo wakati wote, dramu zinapata moto, na mafuta yakichemka yanatoa mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo sababu mguu wa mjomba ulikwenda chini bure.

Lakini kwa nini mafuta yalipungua bila mjomba kujua? Kwa sababu Waingereza wale, pamoja na akili zao zote, waliiweka masta silinda ya Morris chini ya sakafu ya dereva, ndani ya mhimili wa bodi. Ukitaka kutazama mafuta ya breki, lazima uinue zulia na ufungue kifuniko sakafuni. Nani hufanya hivyo kila wiki? Tena mfumo wote ni wa njia moja. Likipasuka bomba la gurudumu moja, breki za magurudumu yote manne zimekwenda.

Kwa hiyo, Mwalimu, shilingi ya kwanza utakayoitoa itoe hapo. Mabomba yote ya chuma na mipira yake yatolewe, yatiwe mapya. Silinda ndogo za magurudumuni zisitiwe vipira vipya tu, zibadilishwe zenyewe, maana kwa gari lililolala miaka chini ya mwembe zitakuwa zimeliwa na kutu ndani. Hayo ni matengenezo ya kawaida. Kama unataka gari la kwenda na mwendo wa magari ya leo, ambapo basi linakuja nyuma yako kwa kilomita 80 kwa saa na dereva wake amezoea kwamba kila aliye mbele ana breki kama zake, basi weka breki za diski mbele. Dramu hufunika joto ndani kama sufuria yenye kifuniko. Ikipata moto hutanuka, ikavikimbia viatu vya breki. Diski iko wazi kwenye upepo, joto linaondoka. Uingereza zinauzwa seti kamili za kufunga diski kwenye Morris Minor, nyingine zikitumia vifaa vya Morris Marina, nyingine vya Ford, na hufungwa bila kukata wala kuchomelea chochote cha maana. Zipo pia masta silinda za njia mbili, na vyombo vya kuhamishia chupa ya mafuta ya breki kwenye boneti, mahali ambapo macho yanafika. Ningekuwa mimi, ningenunua hivyo kabla hata ya kuuliza bei ya rangi.

Jambo la pili ni kutu. Morris Minor, tofauti na Land Rover, haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi. Bati likioza, gari zima limeoza, hata kama linang'aa. Sehemu za kutazama ni zile mbavu zilizo chini ya milango, mahali springi za nyuma zinapofungwa, na zaidi ya pote ile krosimemba inayopita chini ya sakafu ya mbele. Springi za mbele za Morris si za kuzunguka kama koili. Ni fimbo mbili ndefu za chuma zinazojipinda, na mwisho wa fimbo hizo umeshikwa na krosimemba hiyo. Ikioza, fimbo haina pa kushika, na mbele ya gari inaanguka. Chukua bisibisi kubwa, lala chini, dunga. Usimwonee haya fundi. Bisibisi ikizama, kata bati bovu lote mpaka ufike kwenye chuma kizima, ndipo lichomelewe jipya la unene ule ule.

Nasema hivi kwa sababu gari la mjomba lilipokuja kukatwa baadaye, tulikuta ubavu mmoja umejazwa puti, na ndani ya puti magazeti yaliyokunjwa. Kwa heshima yote niliyo nayo kwa magazeti, hiyo si kazi yake.

Tukiwa bado huko chini, kuna kifaa kinaitwa tranioni. Ni kipande cha chuma chenye hesi, ambacho mguu wa gurudumu la mbele huzungukia unapokata kona. Kinaishi kwa grisi. Kikikauka, hesi zinalika kimya kimya, hadi siku moja unakata kona kwa mwendo mdogo tu sokoni na gurudumu linalala ubavu kama mguu wa kuku uliovunjika. Sina haja ya kueleza ingekuwaje kama ni kwenye lami ya Segera. Tia tranioni mpya, kisha grisi kila maili 1,000, yaani kama kilomita 1,600, kwa bomba la mkono, mpaka uone grisi chafu imetoka na safi inafuata. Kazi ya nusu saa. Mtoto wa shule anaweza.

Sasa tuje kwenye injini, ambayo fundi wako anaipenda.

Kwenye kadi ya gari au kwenye kibati cha injini utaona ni ya ukubwa gani. Morris za kuanzia 1952 zilikuwa na injini ya sisi 803, dhaifu sana. Za kuanzia 1956 zikapata ya 948. Na kuanzia 1962 ya 1098, yenye nguvu za farasi 48. Zote hizo ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo ambao Waingereza waliuita A-Series, na ambao uliendelea kutengenezwa, ukitumika kwenye Mini, hadi mwaka 2000. Maana yake ni kwamba spea za injini hiyo hazijakatika. Maana yake nyingine ni kwamba yuko kaka mkubwa katika ukoo huo huo, injini ya sisi 1275, iliyotumika kwenye Morris Marina na MG Midget, ambayo inaingia katika boneti ya Minor kwa mabadiliko madogo. Ukitaka nguvu zaidi, hiyo ndiyo njia ya heshima. Wengine hutia pia giaboksi ya gia tano ya Ford Sierra, na Wamarekani wengine wametumia ya Datsun, ili injini isipige kelele sana kwenye mwendo mrefu. Ni jambo zuri, lakini si la lazima kwa bibi wa miaka themanini.

Ya Corolla siikatai kwa chuki. Naikataa kwa hesabu. Itakupa nguvu mara mbili au zaidi, halafu breki ni zile zile za mjomba, ekseli ya nyuma ni ile ile iliyopimwa kwa farasi 48 au pungufu, na ili iingie itabidi fundi akate bati na kuhamisha vishikizo vya injini kwa kukadiria. Tena nambari ya injini haitalingana na kadi, na itakubidi uanze safari za TRA na ukaguzi. Injini ya zamani iliyofunguliwa vizuri, ikachongwa silinda, ikatiwa pistoni na beringi mpya, itawafikisha Dar es Salaam kwa mwendo wa kilomita 70 au 80 kwa saa bila kuhema.

Lakini ikifunguliwa, kuna jambo moja usilisahau. Injini hizi zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, na ile risasi ndiyo iliyokuwa inalinda viti vya valvu visilike. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006, na mwaka 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi lilitangaza kwamba Algeria, nchi ya mwisho duniani, nayo imeacha. Kwa afya za watoto wetu hiyo ni habari njema kabisa. Kwa silinda hedi ya Morris ni tatizo lenye dawa: hedi ipelekwe kwa mchongaji, viti vya valvu za moshi vichongwe na kutiwa pete za chuma kigumu. Ikifanyika mara moja, imekwisha.

Na tafadhali, mkatazeni fundi asitoe themostati. Huu ni ugonjwa wa gereji zetu. Gari likipata joto, jambo la kwanza ni kung'oa themostati na kuitupa, kana kwamba wazungu waliiweka kwa mapambo. Injini isiyo na themostati hukaa baridi kuliko inavyotakiwa, hula petroli, na silinda zake hulika upesi. Kama gari linachemka, tatizo liko kwenye rejeta iliyoziba. Ifunguliwe, isafishwe au itiwe kiini kipya, na kwa ajili ya foleni za Kimara na Ubungo iwekwe feni ya umeme inayojiwasha yenyewe maji yakipata moto. Feni ya mkanda huzunguka polepole injini inaponguruma bila kwenda, na foleni ndipo inapohitajika zaidi.

Hiyo feni inatuingiza kwenye umeme, na hapo nina kisa kingine cha mjomba, kifupi. Alinunua redio nzuri ya kaseti, akampa kijana aifunge. Kijana aliifunga kama magari yote anavyoyafunga, hasi kwenye bodi. Asichojua ni kwamba Morris hizi zilitoka kiwandani zikiwa kinyume: chanya ya betri ndiyo iliyo kwenye bodi. Redio iliwashwa saa mbili kasoro dakika moja usiku, tukisubiri taarifa ya habari. Tulichopata ni moshi. Labda ndiyo siku niliyoamua kufanya kazi ya redio, sijui.

Ukitaka simu ichajiwe, redio iimbe na feni izunguke, geuza mfumo uwe hasi kwenye bodi, na dainamo iondoke, iingie alteneta. Dainamo ya zamani hutoa ampea ishirini na kidogo ikiwa mbio, na karibu hakuna kitu gari likiwa limesimama na taa zimewashwa. Alteneta hata kwenye foleni inachaji. Kisha nunua kisanduku cha fyuzi. Morris ilitoka na fyuzi mbili tu kwa gari zima, na taa kubwa hazikuwa na fyuzi yoyote. Waya ukichubuka mahali, unaungua mpaka uishe wenyewe. Waya za umri huo zenye mpira unaopukutika usizibembeleze, badilisha zote. Pointi za distributa unaweza kubadilisha kwa kifaa cha elektroniki kinachofichwa ndani yake, lakini weka pointi za zamani kwenye buti. Kifaa kile kikifa porini Mkata, hakuna wa kukitengeneza; pointi utazisugua kwa msasa na kuendelea na safari.

Mengine nayapitia haraka. Tairi za radio za inchi 14 bado zinapatikana. Angalia tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, usiuziwe tairi iliyozeeka dukani. Kama gari lako ni la kabla ya 1961, indiketa zake ni vile vijimkono vinavyochomoza kwenye nguzo ya mlango. Vinapendeza, lakini kijana wa bodaboda hajui maana yake, kwa hiyo ongeza taa za kuwakawaka. Mikanda ya usalama ifungwe mbele na nyuma, na kama hakuna mahali pake, pachomelewe vibati vizito vya chuma kwanza, isifungwe kwenye bati tupu.

Spea utauliza zinatoka wapi. Uingereza kuna chama kikubwa cha wenye magari haya, na mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo tu. Mmoja wao, Charles Ware, alifungua karakana ya Morris Minor mjini Bath mwaka 1976, akaandika hata kitabu kueleza kwamba gari la zamani linaloboreshwa kidogo kidogo ni nafuu kuliko jipya linaloshuka thamani kila mwaka. Katika miaka ya tisini yeye na wenzake wa Sri Lanka walianzisha karakana huko ya kutengeneza mabati ya Morris, kwa sababu Sri Lanka magari hayo yalikuwa bado yanafanya kazi na mafundi wa kupiga bati walikuwa bado wanajua. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria mafundi wa Gerezani, wanaoweza kuikunja karatasi ya bati ikawa mlango kwa nyundo na gogo. Mabati unaweza kupata hapa hapa, Mwalimu. Agiza nje vile tu visivyopigwa nyundo: breki, tranioni, vipira, vifaa vya injini.

Kuhusu nduguzo, sitaingilia urithi wa watu. Ila kabla hamjagombana, fanya hivi Jumamosi hii. Inua zulia upande wa dereva, fungua kifuniko cha masta silinda, kisha lala chini na bisibisi uidunge ile krosimemba. Kama imezama kila mahali, pengine nduguzo wana haki, na chuma kile kitakulipia angalau nauli ya basi ya mama. Kama imegonga chuma kizima, niandikie tena, uniambie na injini ni ya sisi ngapi. Nitakutafutia orodha ya vifaa, na nitaisoma hapa redioni polepole ili uandike.